Siku Serikali Ilipokifunua Chungu cha Bi Kidawa

Ipo nchi moja ambayo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa makao makuu kupigwa muhuri, mwaka ule wa mvua nyingi, na mpaka leo haijarudi. Kwa hiyo raia wake hawana hakika wanaanzia wapi na wanaishia wapi. Wanachojua ni kwamba wakivuka mahali fulani wanakamatwa. Vinginevyo ni nchi tulivu. Rais ana afya njema, mawaziri wana afya njema zaidi, na wananchi wana mawaziri.

Pembezoni mwa mji mmoja wa nchi hiyo kuna mtaa uitwao Mwisho wa Lami. Lami yenyewe haijawahi kufika hapo, wala kuanza popote karibu na hapo, lakini kibao kiliwekwa mapema ili itakapokuja ijue pa kusimama. Hapo ndipo alipokaa Bi Kidawa, mjane wa miaka sitini na ushee, mwembamba, mwenye shingo iliyonyooka kama ya mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Tuishike shingo hiyo, maana habari yote imekaa juu yake.

Kila siku alasiri Bi Kidawa alijitwika chungu kikubwa cha udongo kilichofunikwa kitambaa cheusi. Kitambaa kilikuwa kimekazwa kwa kamba, na katikati yake pana tundu la kupitisha mkono wa mtu mzima. Alipita nacho nyumba kwa nyumba. Mlangoni alikitua juu ya kigoda. Mwenye nyumba alitoka na ngumi iliyofumbwa, akaizamisha kwenye tundu mpaka kiwikoni, akaitoa imefumbwa vilevile. Aliyejaliwa siku hiyo aliingia na konzi ya unga akatoka na hewa. Aliyekosa aliingia na hewa akatoka na konzi ya unga. Mkono uliruhusiwa kurudi mara ya pili, kwa wote, ili mara ya pili isiwe dalili ya lolote. Na wakati mkono umo ndani, Bi Kidawa alikuwa na kazi moja tu: kutazama pembeni na kusema jambo la kipuuzi.

"Kunguru mwaka huu wamezidi," alisema kwenye mlango mmoja.

"Naona yule mbuzi amepaka hina," alisema kwenye mwingine.

Hivyo ndivyo mtaa ulivyokula, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyejua nani kamlisha nani. Waliokuwa na unga jana wakawa hawana leo, wasiokuwa nao wakawa nao, na wote walisalimiana sokoni bila mtu kuinamisha macho.

Ila palikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa siri ya Bi Kidawa. Macho aliweza kuyageuza pembeni, shingo hakuweza. Kila alipojitwika tena na kuondoka mlangoni, shingo ilimwambia: hapa pameongezeka, hapa pamepungua. Hakuiuliza. Ilimwambia tu. Naye alikuwa amejizoeza kutomwambia mtu yeyote, hata yeye mwenyewe akiwa peke yake.

Basi shingo ilijua habari za Fundi Mbaruku.

Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu aliyevaa koti jua linawaka, koti alilolishona mwenyewe enzi za macho yake. Nusu ya mtaa walioa na kuolewa ndani ya sindano zake. Sasa macho yalikuwa yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku, cherehani imefunikwa shuka, na hana mtoto wala ndugu. Lakini mifuko ya koti bado ilijaa vipande vya chaki ya buluu ya kukatia nguo, na kila alichogusa kilibaki na alama ya vidole vyake, pamoja na lile tundu la kitambaa. Alikuwa hajawahi kupokea kitu cha mtu. Watu walilijua hilo, na wasingelijua angewaambia.

"Leo nimekuzidishia, Kidawa," alisema huku akirudisha ngumi mfukoni. "Usije ukavunjika shingo watu wakasema Mbaruku kaua."

"Utaniua kweli, Fundi. Mtu mmoja, unaweka unga wa harusi nzima."

"Ndivyo nilivyolelewa."

"Basi ulilelewa vibaya. Waachie na wenzako thawabu."

"Wenzangu walikuwa wapi siku zinagawiwa?"

Chungu kikarudi kichwani kikiwa chepesi kwa konzi mbili, kama jana, kama juzi, kama kila siku kwa miaka miwili. Bi Kidawa aliondoka akilalamikia uzito. Wote wawili walikuwa waongo, na wote wawili walilala wameshiba.

Sasa, nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Huruma na Takwimu. Iliundwa ili kuwahurumia wanyonge, ikaona kwanza ijue wako wangapi, na kwa kuwa wanyonge wana tabia ya kufa wakati wanahesabiwa, kazi ilikuwa ikianza upya kila mwaka. Mmoja wa wakubwa zake, Kaimu Naibu Kamishna Fidelis Makorere, alikuwa akipita kwenda kufungua semina pale gari lake lilipozama kwenye tope la Mwisho wa Lami. Wananchi wakaja kusukuma. Yeye akabaki ndani, kwa sababu za kiusalama, na kupitia dirishani akaona chungu kinapita.

"Mama, hicho ni nini?"

"Chungu, baba."

"Naona ni chungu. Cha kazi gani?"

"Cha mtaa. Mwenye nacho anaweka, asiye nacho anachukua."

"Na mwenye nacho ni nani, na asiye nacho ni nani?"

"Hatujui, baba."

Kamishna alivua miwani akaifuta. "Mna wanyonge humu, mnawalisha, na hamwajui?"

"Ndiyo."

"Na mwenye nacho akichukua?"

"Basi siku hiyo hana."

Kamishna Makorere hakuwa mtu mbaya. Aliguswa sana. Alilia pale pale ndani ya gari, kwa jicho moja, maana bado alikuwa Kaimu. Kisha akashuka kwenye tope na viatu vyake, akawahutubia waliokuwa wakisukuma.

"Ndugu wananchi. Nimeona jambo kubwa, na nimesikitika kwamba nimeliona mimi peke yangu. Huruma yenu iko gizani. Imefunikwa kitambaa cheusi kama maiti. Mtu anatoa, hapigiwi makofi. Mtu anapokea, hatambuliki. Serikali itawezaje kujivunia kitu isichokiona? Niachieni mimi."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa tope na hapakuwa na maji ya kunawa. Gari likatoka. Mama Zaituni, aliyekuwa amesukuma kuliko wanaume wawili, alilitazama likipotea.

"Kidawa," alisema, "umeongea sana."

"Aliniuliza."

"Wangapi wanaulizwa na wanasema wao ni wageni hapa?"

Mwezi haukuisha. Likaja lori, likafuatiwa na lori la kulisindikiza, na katika njia panda ya mtaa likajengwa jukwaa la zege. Juu ya jukwaa likasimamishwa pipa la kioo kitupu, refu kuliko mtu, lenye mdomo mpana, na paa la bati juu yake. Mbele pakawekwa picha ya Waziri akitabasamu kwa uchungu. Ukaajiriwa ulinzi: askari mmoja, bunduki moja, na kitabu kikubwa cha kuandika majina. Jambo zima likaitwa Mpango wa Taifa wa Kuonesha Huruma.

Palikuwa na foleni mbili. Foleni ya wafadhili ilikuwa chini ya turubai, ina viti na soda, na mpiga picha. Foleni ya wanyonge ilikuwa juani, ili, kama Kamishna alivyoeleza, wasijisikie wamebadilishiwa mazingira. Mnyonge alitakiwa kuja na Fomu Namba Tisa, imetiwa saini na mjumbe wa mtaa na mashahidi watatu waliowahi kumwona akiwa na njaa, kila mmoja kwa wakati wake. Aambatanishe picha akiwa hacheki. Jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti, kisha apande ngazi, azamishe mkono kwenye kioo mbele ya hadhara, achote, na agande hivyo mpaka mpiga picha aridhike.

Ama kile chungu cha Bi Kidawa, kilichukuliwa siku ya kwanza. Mjumbe wa mtaa, Bwana Chogoli, ndiye aliyekuja kukifuata, akiwa amevaa fulana mpya ya Mpango juu ya shati.

"Si mimi, Bi Mkubwa," alisema akiangalia chini. "Agizo. Kinakwenda makumbusho ya taifa. Wameandika kabisa: chombo cha kale, kabla huruma haijavumbuliwa."

"Na mimi?"

"Wewe umepanda cheo. Balozi wa Huruma. Fulana yako hii hapa."

"Watu watakula nini leo, Chogoli?"

Mjumbe alikikumbatia chungu kifuani, akakuta vidole vyake vimeshika alama za chaki ya buluu. Alivipangusia kwenye fulana. "Pipa lipo," alisema.

Pipa lilikuwapo kweli, na lilipendeza. Siku ya kwanza mwenye duka la nafaka alimwaga debe zima, akapigwa picha kwa mbele na kwa ubavu. Kesho yake mpinzani wake akamwaga madebe mawili. Watumishi wa ofisi za mjini walikuja kwa basi, wakamwaga kikombe kimoja kwa pamoja, wote ishirini wameshika mpini. Unga ukapanda nyuma ya kioo, mtaa mzima ukiuona.

Kwenye foleni ya juani hakuja mtu.

Kamishna alisubiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Askari alifungua kitabu kwenye ukurasa wa wanyonge, upepo ukaufunga. Kisha likatokea jambo ambalo Wizara haikulitarajia, nayo ikalipokea kwa furaha: kila aliyeonekana hatoi akaanza kushukiwa kwamba angependa kupokea. Watu wakaogopa. Mama Zaituni, ambaye shingo ya Bi Kidawa ilikuwa na habari zake pia tangu mumewe aage kwenda kutafuta kazi akaendelea kutafuta, alivaa kanga safi, akapanga foleni ya turubai, akamwaga konzi yake mbele ya kamera akicheka meno yote. Kisha akarudi kwake, akapika majani ya kunde bila ugali.

"Umefanya nini, Zaituni?" Bi Kidawa alimuuliza juu ya ukuta wa uani.

"Nimefanya kama wengine. Kwani mimi ombaomba?"

"Sijasema."

"Na usiseme."

Basi pipa likawa linawala waliokuwa walishwe nalo. Na kadiri lilivyojaa, ndivyo ripoti zilivyopendeza. Wanyonge wa Mwisho wa Lami waliokadiriwa mwanzoni kuwa arobaini na mmoja, walishuka wakawa kumi, wakawa watatu, wakawa sifuri, kwa ushahidi kwamba hawakuja. Bungu wa unga wakaingia. Walionekana vizuri sana kwa sababu ya kioo, na Kamishna, alipooneshwa, alisema kwamba hata wadudu wamefikiwa na Mpango.

Moshi wa jiko la Fundi Mbaruku uliendelea kutoka kila mchana. Bi Kidawa aliutazama siku nne, halafu akaenda, na bakuli la ugali na maharage ndani ya kanga, akabisha hodi.

Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, mfuniko unacheza. Fundi aliketi mbele yake na mwiko mkononi, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amepungua mpaka kola inazunguka shingo bila kuigusa.

"Karibu, Kidawa. Umenikuta ndiyo naepua."

"Unapika nini?"

"Vitu vyangu." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili, kama mtu anayekung'uta ugali. Mwiko ulilia mlio wa maji.

Bi Kidawa alitazama pembeni. Alikuwa mzoefu wa kutazama pembeni. "Kunguru hawa," alisema. "Sasa Fundi, mimi leo nimekosea kipimo. Nimepika kingi, nimeona badala ya kumwaga..."

"Mpelekee mwenye shida."

"Si shida. Ni kingi tu."

"Kidawa." Aligeuza uso kwenye sauti yake. "Tangu lini ukapita mlangoni kwangu na chakula?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa shingoni. Kulisema ni kumwambia kwamba miaka miwili yote alikuwa anajua. Bakuli lilikuwa linamchoma vidole kupitia kanga.

"Tangu leo," alisema.

"Basi leo nimeshiba. Kesho usikosee kipimo."

Alirudi nalo. Njiani chakula alimpa yule mbuzi wa hina, maana yeye mwenyewe hakuweza kukila.

Akaenda kwa Mjumbe kuomba kuazima chungu chochote, hata kibovu. Mjumbe alisema kwamba sheria mpya inakataza chombo kisichoonekana ndani. Akavaa fulana ya Balozi akapanga foleni ya juani yeye mwenyewe, wa kwanza tangu dunia iumbwe, akaomba konzi moja ya kwenda nayo. Askari alifurahi kupata mtu, akafungua kitabu, akasoma kifua chake, akafunga.

"Balozi hawezi kuwa mnyonge, Bibi. Ungekuwa mnyonge tungekupa ubalozi?"

"Nikiivua?"

"Ukiivua utakuwa umeharibu mali ya umma."

Akaenda mpaka Wizarani, safari ya nusu siku, akaonana na Kamishna Makorere mwenyewe. Alipokewa kwa heshima, akaletewa chai na biskuti nne. Biskuti tatu alizitia kwenye pindo la kanga.

"Kuna mtu atakufa," alisema.

"Wapi?"

"Kwetu."

"Mama, kwenu tumekwisha kumaliza." Kamishna alimwonesha ukutani, kwenye karatasi kubwa yenye mstari ulioshuka kutoka kona ya juu mpaka chini kabisa, pale ulipotaka kutoboa fremu. "Lakini wewe ni Balozi wetu. Taja jina."

"Nikitaja atakufa kwa aibu."

"Na usipotaja?"

"Atakufa kwa njaa."

"Unaona sasa? Vyovyote vile umekosekana ushirikiano wa mwananchi." Akavua miwani, akalia kwa macho mawili, kwa kuwa wiki ile alikuwa amethibitishwa kazini. Halafu akavuta kiti karibu. "Nikuambie ukweli, mama. Jumamosi Waziri anakuja kufunga Mpango. Pipa limejaa, litapigwa lakiri, liwe kumbukumbu. Lakini hatuna picha hata moja ya mtu anayechukua. Waziri ameuliza: huruma hii mmemhurumia nani? Nipe mtu mmoja. Mmoja tu. Atachota konzi yake, na mimi nitampelekea gunia zima nyumbani. La mwaka."

Bi Kidawa aliliona lile gunia. Aliliona limesimama pembeni ya cherehani iliyofunikwa shuka, mdomo umekunjwa vizuri.

"Jina lisisomwe," alisema.

"Itakuwa siri ya serikali."

"Uniapie, baba."

"Siri ya serikali, mama, ni zaidi ya kiapo."

Akalitaja. Alilitaja kwa sauti ndogo sana, akitazama pembeni, lakini safari hii hakupata jambo lolote la kipuuzi la kusema.

Jumamosi mtaa ulipakwa chokaa mpaka kwenye mawe. Waziri alihutubia saa moja na robo, akaeleza kwamba umaskini ulikuwa na makosa yake lakini sasa tuusamehe kwa kuwa haupo. Kisha Kamishna akashika kipaza sauti, akafungua bahasha iliyoandikwa SIRI, akasoma:

"Mnyonge wa mwisho wa Mwisho wa Lami. Fundi Mbaruku. Aje apokee."

Mtaa ulinyamaza. Si ule unyamavu wa kumsikiliza mkubwa. Watu walinyamaza kama wamefunguliwa mlango mtu anaoga. Mama Zaituni alivuta kanga akafunika mdomo. Walikuwapo pale watu wasiopungua thelathini walioolewa ndani ya nguo za yule mzee, na wote waliangalia chini kwa pamoja. Kwa kawaida wangetazama pembeni na kusema neno kuhusu kunguru, lakini Waziri alikuwapo.

Bi Kidawa alisimama nyuma ya turubai, akiomba asije. Tena akiomba aje. Aliomba yote mawili, asijue lipi litangulie.

Alikuja. Waliotumwa walikuwa wamemfuata tangu asubuhi, wakamwambia sababu, na yeye akawaomba muda kidogo ajitayarishe ndani. Alitembea na fimbo katikati ya watu, koti limepigwa brashi, vifungo vyote, mkono wa kulia mfukoni. Askari alitaka kumshika kwenye ngazi, yeye akaondoa kiwiko chake. Alipanda ngazi moja moja mpaka mdomoni mwa pipa. Kamera zikainuliwa. Nyuma ya kioo unga ulisimama mweupe, na bungu wake, mpaka futi moja kutoka juu.

Akatoa mkono mfukoni. Ngumi ilikuwa imefumbwa.

Akaizamisha mpaka kiwikoni, kama alivyozoea, na kwa sababu kile kilikuwa kioo, mtaa wote uliona kitu ambacho haujawahi kuona tangu kuwa mtaa: ngumi ya mtu ikifumbuka ndani. Vidole vilifunguka. Ukadondoka unga laini, mkavu, wa rangi ya buluu, ukatandaa juu ya ule mweupe. Mara moja. Akarudisha mkono mfukoni, akautoa tena umefumbwa, akazamisha, ukafumbuka. Konzi mbili.

Alikitafuta kipaza sauti kwa kiganja. "Nashukuru kwa kunikaribisha kuchangia," alisema. "Nilisikia wapo wenye shida."

Kamishna Makorere aliutazama unga, akazitazama kamera. Halafu ukuu ukamjia. Alimpokonya kipaza sauti akapaza: hata mnyonge wa mwisho sasa ni mfadhili, na tena unga wake ni ule ulioongezwa virutubisho, mnaona rangi hiyo. Waziri akasimama kupiga makofi, kwa hiyo watu wote wakasimama. Fundi Mbaruku akavalishwa fulana juu ya koti, akapewa cheti cha Mfadhili Bora chenye fremu. Gunia la mwaka likarudishwa garini, maana halikuwa na mtu. Pipa likazibwa mfuniko wa chuma, likapigwa lakiri.

Akishuka, alipita karibu na Bi Kidawa. Alimjua kwa harufu ya karafuu za nywele zake, au kwa jinsi alivyokuwa anapumua.

"Miaka yote hiyo, Kidawa," alisema bila kusimama, "nilidhani kichwa chako hakina mdomo."

"Fundi..."

"Nilikuwa nakuona mzito wa kujua mambo. Nilikupenda kwa hilo."

Akaenda zake, fimbo mbele, cheti kwapani.

Alikufa Jumatano, ameketi, sufuria ya maji ikiwa imekauka juu ya mafiga. Bi Kidawa ndiye aliyeingia wa kwanza. Hapakuwa na hata punje. Juu ya meza ya cherehani palikuwa na kinu kidogo cha kutwangia pilipili, na ndani ya kinu vumbi la buluu, na pembeni boksi la chaki la kadibodi, tupu. Alikuwa ametwanga zote. Hakujibakizia hata kipande cha kupigia mstari.

Tabibu wa zahanati aliandika kwamba amekufa kwa njaa. Karatasi ikarudishwa kutoka juu na maelezo kwamba njaa katika mtaa huo ilifungwa rasmi Jumamosi, na mtu hawezi kufa Jumatano kwa kitu kilichofungwa Jumamosi. Tabibu akaandika upya: kukosa hamu ya kula. Ikapita. Wizara ilituma ujumbe wa rambirambi kwa familia ya mfadhili, na kwa kuwa familia haikuwapo, ujumbe ukasomewa pipa.

Unga wa kulisha waliokuja kuzika ulitafutwa kwa shida. Mama Zaituni aliomba pipa lifunguliwe kwa siku moja tu, wakati liko hapo hapo hatua ishirini kutoka matanga. Askari alimjibu kwa upole kwamba hiyo ni kumbukumbu ya kitaifa ya kushiba, na haiwezi kuliwa.

Mpaka leo lipo. Wageni huletwa kwa mabasi, na Kamishna, ambaye sasa ni Katibu Mkuu na hulia kila anapotaka, huwaonesha kwa fimbo ule mstari mwembamba wa buluu karibu na mdomo. "Hapo," huwaambia, "ndipo umaskini ulipokomea." Wageni huinama kuutazama kwa karibu. Chini ya mstari bungu wamekula mpaka unga umekuwa kama majivu. Mstari wenyewe hawajaugusa.

Na kila siku alasiri Bi Kidawa hutoka. Hana chungu. Shingo imenyooka, mwendo ni ule ule wa mtu aliyebeba, mikono imelegea pembeni. Husimama kila mlango kidogo, halafu huendelea. Mara ya kwanza askari alimsimamisha.

"Umebeba nini, Bibi?"

"Sijabeba kitu."

Askari alimzunguka mara mbili, akamtazama juu ya kichwa, akaandika kwenye kitabu: amebeba kisichoonekana, amekataa kukionesha. Siku hizi huandika hivyo hivyo kila alasiri bila hata kumsimamisha, na kesi itatajwa.

Anapofika kwenye mlango wa Fundi, ambao umepigiliwa ubao, husimama muda unaotosha mkono kuingia na kutoka mara mbili. Hutazama pembeni. Husema kwamba kunguru mwaka huu wamezidi. Kisha huondoka, na shingo yake, isiyo na kitu juu yake, humwambia kwamba hapa pamepungua.